Tundu la Pili

Kumsenga, Kibondo
12 Septemba 1976

Ndugu yangu Khatibu,

Amahoro. Natumaini mfungo unakwenda salama, na kwamba Tunu amekufukuza jikoni usikae kunusa sufuria jua likiwa bado juu. Hapa mashamba yamefyekwa na mbegu zimechaguliwa. Tunangoja mvua.

Nakuandikia habari za Bi Harusi. Tangu kijiji kilipolichukua gari lako mwezi wa Juni halijatutia aibu, ila ule mwendo wa kuhesabu nyayo ambao wewe mwenyewe ulitueleza kwamba ndio uliolipa jina. Lakini tangu Agosti lina ugonjwa, nami nitaueleza kwa utaratibu ili usije ukasema Mwalimu ameandika insha.

Asubuhi linawaka bila taabu. Kwenye tambarare linakwenda. Baada ya mwendo mrefu, hasa njia inapoanza kupanda, Sylvesta hukanyaga mafuta na gari lisimjibu. Injini inakohoa, kasi inapungua kana kwamba kuna mtu amelishika kwa nyuma, kisha linazimika. Tukisimama kidogo linawaka tena kama lisilo na kosa. Tukienda mbele, linarudia.

Sylvesta ndiye dereva wetu, kama unavyojua, kwa sababu ndiye uliyemfundisha. Kwangu ni mkwe na kwa kijiji ni mfuga nyuki, lakini siku hizi mikono yake inanuka petroli kuliko asali, na Esteri binti yangu analalamika.

Nisingekusumbua. Ila mwezi wa Novemba kuna safari ya kwenda Kibondo mjini ambayo haiahirishiki, na gari lazima lipande mlima wa Murungu bila kusimama. Wewe uliliendesha miaka mingi. Niambie nianzie wapi.

Barua hii nampa Omary, utingo wa basi, ambaye ameahidi kutoikalia.

Wako,
Ildefonsi


Kasulu
17 Septemba 1976

Mwalimu Ildefonsi,

Nami nakurudishia amahoro, ingawa ulimi wa mtu wa Ujiji unalitamka kama aliyeunguzwa na uji. Omary ameikalia barua yako. Imefika imekunjamana na ina joto.

Ningekuja mwenyewe, wallahi, lakini sina mguu. Nilipanda juu ya gunia la maharage kutafuta sabuni ya mteja, gunia likahama, nikashuka mbele ya watu kumi na sabuni mkononi. Mguu umefungwa ubao. Mteja alinunua sabuni kwanza, ndipo akauliza kama nimeumia.

Sasa sikiliza. Gari likifa ghafla kama taa iliyopulizwa, tafuta umeme. Likifa kwa kukohoa na kupungua kidogo kidogo, hilo lina njaa. Bi Harusi ana njaa, Mwalimu. Mafuta yamo tangini lakini hayafiki kinywani. Fuata njia yao kama unavyofuata mfereji wa shamba kutafuta palipoziba.

Anza na chujio. Chini ya pampu kuna kikombe cha kioo. Kifungue, utakuta uchafu umetulia chini kama machicha. Ndani yake kuna wavu mdogo wa waya, uoshe kwa petroli safi. Halafu fungua kabureta, utoe jeti, ile misumari midogo ya shaba yenye matundu. Usizibue kwa waya, maana waya hupanua tundu na gari litakunywa kuliko mlevi. Puliza kwa kinywa. Mwisho, mwambie Sylvesta asimimine petroli ya pipa bila kitambaa. Mapipa yenu yana kutu, niliyaona.

Ni safari gani hiyo ya Novemba? Asali? Maana nyuki wa Sylvesta nasikia wana bidii kuliko wenye kijiji.

Tunu anakusalimu. Anasema mimi ndiye niliye jikoni kwa sababu mguu hauwezi kunitoa.

Khatibu


Kumsenga
26 Septemba 1976

Ndugu Khatibu,

Idi njema, imepita lakini salamu haziozi. Pole kwa mguu. Nimeisoma habari ya gunia mbele ya Esteri, akacheka mpaka akalazimika kukaa chini, kisha akasema nikuandikie kwamba hakucheka.

Tulifanya yote. Kikombe cha kioo kilikuwa na kutu, mchanga, na mguu mmoja wa mende. Wavu tuliuosha. Jeti alizipuliza Sylvesta mpaka macho yakamtoka. Gari likawaka kwa sauti nzuri ambayo sijaisikia tangu Juni, na watu wakaja kuliangalia.

Jumamosi tukaenda kulijaribu. Tulikuwa na abiria. Tulipita mashamba yote na daraja, tukaanza mlima, na hapo likakohoa kama zamani. Likazimika, tukasimama, likawaka, likazimika tena. Abiria alikuwa amechoka. Tukageuza. Kurudi, kwa kuwa ni kuteremka, lilikwenda kama malaika.

Watu wa hapa wameanza kusema mlima umelitambua gari. Mimi sisemi hivyo. Nilisoma vya kutosha ujana wangu kujua kwamba mlima hautambui kitu. Ila naandika wanayosema ili usiyasikie kwa Omary.

Jambo moja jema nikupe. Kifuniko cha tangi tulikipoteza mtoni mwezi wa Agosti, na nilijua utasikitika kwa sababu kilikuwa cha asili. Usisikitike. Sylvesta amechonga kizibo cha mninga kinachokaa barabara mdomoni mwa tangi. Kila akishajaza mafuta anakizungushia nta iliyolainishwa kwa kiganja, kisha anakandamiza kidole gumba juu yake, vilevile anavyofunga mitungi ya asali ili mkono wa mgeni ukigusa ajue. Vumbi halipiti, mvua haipiti, mwizi hapiti. Hata harufu ya petroli haisikiki tena ndani ya gari, nayo ilikuwa inamsumbua abiria.

Nangoja neno lako.

Ildefonsi


Kasulu
2 Oktoba 1976

Mwalimu,

Mwambie Sylvesta mkono wake ni wa dhahabu. Kifuniko changu cha zamani kilikuwa kimechoka, kilipitisha harufu mpaka abiria wangu wa Kasanda walishuka wakiwa na kizunguzungu. Mtu anayeweza kuziba hivyo angekuwa pwani angeziba mashua.

Sasa tumeshatoka kwenye chujio. Tuingie kwenye pampu. Mle ndani kuna ngozi inayopanda na kushuka, ikichanika pampu inavuta hewa badala ya mafuta. Kuijua ni rahisi. Jazeni mafuta, chomoa mrija kule unakoingilia kabureta, uelekeze kwenye glasi, mtu apige hendeli. Mafuta yakiruka kwa nguvu, mruko mmoja baada ya mwingine kama mbuzi anayekamuliwa, pampu ni nzima. Yakichuruzika kama machozi ya mnafiki, pampu imekufa, nitatafuta nyingine hapa.

Na kama ni nzima, basi ni joto. Mrija ukipita karibu na injini, mafuta yanachemka humo na kugeuka mvuke, nayo pampu haijui kusukuma mvuke. Funga mrija kwa kitambaa kibichi, uumwagie maji kila mnaposimama.

Lakini nikuambie la rafiki. Kama ni asali, asali haiozi. Iacheni safari hiyo mpaka Januari, mguu wangu utakuwa umepona, nije nilifungue gari kwa mikono yangu. Kwa nini mlitese na mvua zinaanza? Mlima ule ukilowa si wa mchezo hata kwa gari zima.

Khatibu


Kumsenga
10 Oktoba 1976

Ndugu Khatibu,

Mafuta yaliruka. Sylvesta alijaza tangi, alichomoa mrija, nami nilishika glasi mwenyewe. Yaliruka kwa nguvu na kwa mpangilio, na kama unataka mfano wa mbuzi, ni mbuzi aliyeshiba. Pampu ni nzima.

Kitambaa kibichi tulifunga. Maji tulimwaga. Jumatano tukaondoka alfajiri, kabla ya joto, na abiria yuleyule. Gari lilizimika kabla hata ya kufika daraja, likazimika tena mwanzo wa mlima, na mara ya tatu katikati, mahali pabaya, magurudumu yakaanza kurudi nyuma tukawekea mawe. Mrija ulikuwa baridi. Niliugusa. Si joto, Khatibu.

Kuhusu Januari: hapana. Sikukuomba ushauri wa lini tusafiri. Nilikuomba ushauri wa gari. Kama umefika mwisho wa unayoyajua, hakuna aibu, niambie tu. Kipriani wa hapa kijijini na vijana wake wameshaanza kukata miti ya ingobyi, ile machela yetu ya begani, nasi tutakwenda kwa mabega kama tulivyokwenda zamani.

Ildefonsi


Kasulu
16 Oktoba 1976

Shemeji Ildefonsi,

Ni mimi Tunu. Khatibu amekasirishwa na barua yako hata akageukia ukuta, na kwa mguu ule kugeuka ni kazi ya nusu saa, ndiyo maana nikajua hasira ni ya kweli. Anasema, "Miaka yote hii, leo ananiambia nimefika mwisho wa ninayoyajua." Nikamwacha akamaliza. Kisha nikaichukua barua nikaisoma upya.

Nikamuuliza, "Wewe, asali hubebwa kwa ingobyi?"

Akageuza shingo kunitazama.

Nikamuuliza, "Asali husumbuliwa na harufu ya petroli? Asali huchoka katikati ya safari?"

Akasema, "Nisaidie kugeuka."

Shemeji, sikuulizi kitu. Nimekaa na watu wa huko muda wa kutosha, najua kwenu mtoto hatajwi mpaka alie mwenyewe, na sembuse baada ya wale wawili wa Esteri ambao hawakulia. Hata kwetu Waislamu hatupigii ngoma jambo lililo tumboni. Basi usilitaje. Mimi nauza mawese, unajua. Kama nimefikiri sawa, niagizie debe moja la mawese. Kama nimekosea, usiagize, nasi tutaendelea kuzungumza habari za magari.

Mume wangu anakuomba jambo moja, na amenifanya niliandike mara mbili. Anasema mmemweleza gari linavyokufa, hamjamweleza linavyofufuka. Andika kila mnachofanya kuanzia pale linapozimika mpaka linapowaka. Hata unachoona si kitu. Hasa unachoona si kitu.

Shemeji yako,
Tunu


Kumsenga
21 Oktoba 1976

Shemeji Tunu,

Naomba debe moja la mawese. Lifike kabla Novemba haijaisha.

Mwambie aliyegeukia ukuta kwamba hata mimi nilikuwa nimegeukia wangu.

Sasa namwandikia yeye. Khatibu, gari linapozimika tunafanya hivi. Sylvesta anavuta breki ya mkono. Kipriani, ambaye siku hizi hatuachi, anashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mimi nashuka kunyoosha mgongo, na abiria anabaki ndani kwa sababu akishuka kupanda tena ni shida. Sylvesta anafungua boneti, anaangalia, anafunga. Halafu, kwa kuwa saa ya mafuta imekufa tangu enzi zako, anakwenda kupima mafuta tangini kwa bua la mtama. Anabandua nta kwa kisu na kung'oa kizibo. Huwa kimeng'ang'ania, mara nyingine anaweka mguu kwenye bodi ili apate nguvu, jambo linaloonyesha kilivyochongwa vizuri. Kinapotoka, tangi linavuta pumzi ndefu, kama mtoto aliyelia sana akanyamazishwa. Nimeizoea sauti hiyo, naipenda hata, kwa sababu baada yake huwa kuna kheri. Anachovya bua, mafuta huwa yapo. Anarudisha kizibo, anaziba nta, anaweka kidole gumba. Anapiga hendeli. Linawaka.

Ni hayo tu. Sioni ndani yake dawa yoyote, ila ya kupumzika.

Nakuomba uharakishe ndugu yangu. Mvua ya kwanza imenyesha jana.

Ildefonsi


Kasulu
25 Oktoba 1976

Ndugu yangu Ildefonsi,

Leo sikuiti Mwalimu kwa sababu leo wewe na mimi ni wanafunzi, na mwalimu yupo jikoni amejifunga kanga kiunoni.

Barua yako ilifika Tunu akiwa anafungua debe la mawese kuwapimia wateja. Mimi nimekaa kwenye kigoda, mguu juu ya kingine, nasoma kwa sauti. Alikuwa ameshatoboa tundu moja kwa msumari, akainamisha, mawese yakatoka kidogo, yakasita, yakabubujika, yakasita. Mteja, yule Adija wa mkate, akasema, "Mama, leo debe lako lina kwikwi." Nami nikawa nimefika pale pa tangi kuvuta pumzi.

Tunu akasimama na msumari mkononi. Akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

Akaweka msumari upande wa pili wa debe, akaugonga. Debe likavuta pumzi, fyuu, na mawese yakamiminika mfululizo hata Adija akachelewa kukinga chupa. Tunu akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijipiga paji la uso kwa barua yako.

Ildefonsi, hakuna kilichoharibika kwenye Bi Harusi. Mmemkaba koo. Mafuta hayatoki mahali ambapo upepo hauingii. Kifuniko changu kile kilichopitisha harufu nje, ndicho kilichopitisha hewa ndani. Kilikuwa na tundu dogo chini ya bati, nami nimeliendesha gari miaka yote hiyo nikidhani ni kuchoka. Sylvesta ameziba kama anavyoziba asali, na kwa asali ni sawa, asali hailazimiki kusafiri. Pampu inavuta, tangi linaishiwa hewa, mwishowe pampu inavutana na tangi na tangi linashinda. Mlimani ndiko gari linakotaka mafuta mengi, ndiyo maana huko hufa mapema. Mkifungua kupima, mnalipa pumzi. Mnashukuru kupumzika, kumbe lililopumzika ni tangi. Na pampu mliijaribu tangi limetoka kujazwa, lina pumzi zake zote, ingefanyaje isiruke?

Uliniandikia mwenyewe kwamba ugonjwa ulianza Agosti, ukaniandikia kwamba kifuniko kilipotea Agosti, nami nikakisifia kizibo. Tulikiona sote wawili tukakipigia makofi.

Dawa: ng'oeni kizibo, mkipeleke mbali na gari na mbali na petroli, nakuomba sana, mbali. Msumari mwembamba uupashe moto, utoboe katikati mpaka upite. Basi. Nta azibe pembeni, kidole gumba aweke, lakini tundu liachwe.

Sasa neno jingine, nalo nalisema mara moja. Mlima ule nilikuwa naujua ulipouandika mara ya kwanza. Nilikuwa naliendesha gari lilelile mwaka ule wa sitini na tano nilipowakuta njiani mkitoka Burundi, wewe mbele na mti wa ingobyi begani, mkeo Kezia juu yake, na Esteri akitembea nyuma ameshika kikapu. Nililikanyaga kwa nguvu zote. Lilipanda vizuri siku ile, halikukohoa, na halikusaidia, kwa sababu niliwakuta nimechelewa. Kezia alikata roho pale kwenye kona kabla hatujafika juu. Sijapita kona ile bila kuikumbuka, na nadhani ndiyo sababu nilikuambia ungoje Januari, nije mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekosekana. Wewe hukuutaja, nami sikuutaja, tukaandikiana habari za machujio.

Toboeni kizibo. Likizimika tena nitakuja kwa mguu mmoja.

Khatibu

Debe la mawese lipo tayari. Tunu anasema litafunguliwa huko huko, na Esteri alifungue mwenyewe.


Kumsenga
24 Novemba 1976

Ndugu yangu Khatibu, na shemeji Tunu,

Ni msichana. Analia. Analia kwa sauti ambayo wauguzi wa Kibondo wameifananisha na honi, na kila mara anapoanza Esteri hutazama dari na kutabasamu, hana haraka ya kumnyamazisha.

Nimetaja. Sasa nitaeleza kwa utaratibu.

Barua yako ilipofika nilimsomea Sylvesta. Alikishika kizibo chake kama mtu aliyeambiwa atoboe mtungi wa baba yake. Akasema, "Baba, mvua itaingia." Nikamwambia iingie. Akasema, "Mvua ikiingia gari litakunywa maji." Hapo hakukosea, basi akatoboa, kisha akakata kipande cha ngozi ya mbuzi akakigongomea juu ya tundu upande mmoja, kama mlango wa kuku, hewa iingie na tone lisiingie. Niliona uso wake ukirudi. Kimekuwa tena kizibo chake.

Tulilijaribu siku hiyohiyo mpaka daraja na kurudi. Halikusema kitu. Tukapanga kumpeleka Esteri Jumamosi akangoje hospitalini, lakini mtoto alikuwa na mpango wake. Uchungu ulianza Alhamisi asubuhi, na mvua juu.

Kipriani alikuja na vijana wanne na ingobyi. Nikamwambia gari limepona. Akasema, "Mzee, nimewahi kuliwekea gari hili mawe." Wakaifunga ingobyi juu ya gari, wakajipakia nyuma pamoja nasi, magoti kwa magoti, wakingoja lizimike.

Sitawaficha, hata mimi nilikuwa nangoja. Nilikaa karibu na kichwa cha Esteri nikisikiliza injini kuliko nilivyomsikiliza yeye. Tulipita mashamba, tukapita daraja. Mlima ukaanza. Njia ilikuwa tope jekundu, Sylvesta akaingiza gia ya pili, gari likajibu. Tulipofika pale lilipozimika mara ya mwisho, mawe yetu bado yapo kando ya njia, nikasikia mvumo umepungua. Kumbe si gari. Ni Sylvesta aliyeondoa mguu kwenye mafuta.

Esteri akasema kutoka pale nyuma tulipokaa, "Sylvesta, nani amekuambia usimame?"

"Nasikiliza."

"Sikiliza ukienda."

Akakanyaga. Bi Harusi akapanda. Kwenye kona nilitazama, Khatibu. Mtu amelima pale, pana mihogo, majani yake yalikuwa yameoga mvua. Nilitaka kumwambia Esteri nikaona amefumba macho, nikamwacha. Nilipogeuka tena tulikuwa juu, na mabati ya Kibondo yanaonekana.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya adhuhuri, ambayo kule mjini inasikika kutoka madukani. Mganga alisema kama tungechelewa angelazimika kuchagua kati ya wawili. Alisema hivyo akiosha mikono, bila kunitazama, nami nikashukuru kwamba hakunitazama.

Kipriani na vijana wake walikuwa wamekaa barazani hospitalini, hawana la kufanya. Mmoja akasema, "Tulikuja kubeba, tumebebwa." Wakaenda mjini kutafuta chai, na waliporudi walikuwa wameanza kusimulia kwamba wao ndio waliolisukuma gari mlima mzima. Nimewaachia.

Debe lilifika salama kwa mkono wa Omary, halikukaliwa. Esteri atalifungua akirudi nyumbani. Nilimweleza habari ya tundu la pili, akasema hilo kila mwanamke wa Kumsenga analijua, ila hakuna mwanaume aliyewahi kuwauliza. Mtoto wamempa jina la bibi yake. Sikuwaomba.

Nimerudi jana kufungua darasa la watu wazima, Sylvesta amenileta kisha akageuza kwenda kwa mke wake. Esteri alikataa ingobyi ibaki mjini, alisema ni ya watu na wataitaka. Tuliirudisha. Haikufungwa juu, iliwekwa nyuma nilikokaa, tupu, nami nikaweka mguu juu ya mti wake isirukeruke kwenye mashimo. Unajua kwamba tangu mwaka ule sijawahi kusinzia nikiwa kwenye njia ile, si kwa gari wala kwa basi. Watu hulala, mimi huhesabu kona.

Sylvesta aliniamsha nyumbani kwangu. Alisema mlima alikwisha kuuteremka zamani.

Wenu,
Ildefonsi